Wagonjwa Waliotulia

Siku ile mliyoniaga, kila mmoja ameshika soda yake na kiongozi wa sherehe akinikosea jina, mliniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Nimekubali, ila kwa masharti yangu. Vyeo na mishahara sitavigusa. Sitaandika pia juu ya wagonjwa waliovunja madirisha, maana hao mnawajua na mnapenda kusimuliana habari zao wakati wa chai. Nitaandika juu ya waliotulia. Ndio walionichosha, na mmoja wao bado ananinyima raha hata sasa ambapo sina kazi nyingine zaidi ya kumwagilia mchicha.

Nilipoingia wodi yetu ya wagonjwa wa akili ya Singida mara ya kwanza nilikuwa nimetoka chuoni Dodoma, sare yangu ngumu kwa wanga. Nilitegemea makelele. Nilikuta wanaume wameketi kando ya ukuta, upande wa jua, na hakuna aliyeinua uso. Nikasalimia wote kwa pamoja. Kimya. Nikaondoka haraka kuelekea ofisini, nikifurahi kwamba kazi ni nyepesi kuliko nilivyoambiwa.

Mkuu wa wodi alikuwa Sista Agnesi, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka kofia.

"Umesalimia halafu umeondoka," alisema. "Rudi. Chagua mmoja, msalimie, halafu nyamaza."

"Ninyamaze mpaka lini, Sista?"

"Mpaka uone aibu. Ukishaona aibu, endelea kunyamaza."

Nilimchagua mzee mmoja wa Manyoni aliyewahi kufanya kazi reli. Nikamwambia, "Shikamoo mzee." Nikasimama pale. Kuku wa mpishi akapita, akadonoa, akarudi. Niliona aibu, tena nyingi, nikawa nahisi wodi nzima inanicheka ingawa hakuna aliyekuwa akinitazama. Nilipokuwa nimeshakata tamaa, mzee akasema, bila kuinua macho, "Marahaba." Nilifurahi kama mtoto aliyepewa nguo mpya. Sista Agnesi hakufurahi.

"Jibu lake lilikuwa njiani muda wote," alisema. "Wewe ndiye unayeondoka kabla halijafika."

Hilo ndilo somo la kwanza, na kama mna haraka mnaweza kuishia hapo. Nyinyi mmesoma kuliko sisi, mnajua kwamba skizofrenia ina dalili chanya na dalili hasi. Chanya ni zile zinazoongezeka kwa mtu: sauti anazozisikia peke yake, maadui anaowaona nyuma ya kila mlango. Hasi ni zile zinazompunguza. Hamu inaondoka, maneno yanaisha, uso unakuwa hauna habari. Mtu haogi, na si kwamba anapenda uchafu, ila ile nguvu ya kuinuka kwenda kwenye ndoo haiji. Dawa zetu ziliziweza sana hizo za kwanza. Kwa hizi za pili tulikuwa na maneno tu, na maneno yenyewe tuliyatumia vibaya.

Neno baya kuliko yote lilikuwa "ametulia." Asubuhi tulipokabidhiana zamu, mgonjwa aliyekuwa akirusha sahani jana tukisema ametulia, wote tunashukuru na kwenda kwa mwingine. Sista Agnesi alikuwa akigonga meza. "Hata maiti ametulia," alikuwa akisema. "Nataka kujua amekula kwa kuambiwa au kwa kupenda." Kwanza alitutaka tuhakikishe si dawa iliyomkakamaza. Mkunjeni kiwiko, alisema, kama mkono unakataa na mate yanamdondoka, mwambieni daktari, hiyo ni dawa. Kama mkono ni laini na mtu bado hayupo, hapo ndipo kazi yenu inapoanza.

Vifaa vyetu mngevicheka. Sindano zilikuwa za glasi, tukizichemsha kwenye sufuria, na umeme ukikatika tulihamia kwenye jiko la mkaa nje ya mlango. Ncha zikiwa butu tulizinoa kwenye jiwe. Ile dawa ya mafuta, sindano ya mwezi, ilikuwa nzito na ikigoma kupita kwenye ncha iliyochoka, basi ulilazimika kusukuma na kumwomba mgonjwa radhi kwa wakati mmoja. Waliotulia hawakulalamika kamwe, ndiyo maana mikono yetu ilikuwa mizito zaidi kwao.

Kisha yakaja mageuzi ya soko huria. Nilikuwa napanga chumba mtaa wa Utemini, hapa mjini, na ndani ya muda mfupi mtaa mzima ukawa maduka: mitumba, kaseti, sabuni za kila rangi, mashine za kukamua alizeti zikinguruma nyuma ya nyumba za watu. Hospitalini stoo ilikuwa tupu, lakini ng'ambo ya barabara duka la dawa lilikuwa limejaa, na ndugu wa wagonjwa wakawa wanatumwa huko. Ninakiri nami nilinunua viatu vya mtumba nikavipenda. Ila soko lile lilikuwa na tabia moja iliyowaumiza watu wangu: lilimtaka kila mtu achangamke. Zamani mtu mzito aliwekwa mahali kwenye godauni la ushirika akafunga magunia. Sasa hakukuwa na godauni, na aliyekaa bila kuchangamka aliitwa mvivu.

Katika miaka hiyo alitutembelea Daktari Salimu, mtaalamu wa magonjwa ya akili aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Alikuja na jarida lenye picha za ubongo za rangi, tukazitazama kwa zamu kama picha za harusi. Alituambia kuna mashine inayoweza kuonyesha damu inapita wapi kwa wingi na wapi kwa uchache. Penye rangi kali damu ni nyingi, penye rangi iliyopoa damu ni kidogo. Kwa baadhi ya wagonjwa hawa waliotulia, sehemu ya mbele, hapa nyuma ya paji la uso, ilikuwa imepoa.

"Sehemu hii ndiyo inayokuinua," alisema. "Inakwambia simama, jibu, nyoosha mkono."

Sista Agnesi akauliza, "Kwa hiyo hawafanyi kwa sababu damu ni kidogo?"

"Au damu ni kidogo kwa sababu hawafanyi," daktari alijibu. "Hatujui bado. Anayewaambia anajua, msimwamini."

Tulimuuliza mashine hiyo italetwa lini Singida, akacheka kwa adabu. Mimi zile picha zilinikaa kichwani. Nilikuwa nimechoka kuwaambia ndugu kwamba mgonjwa wao si mvivu, nikakosa cha kuwaonyesha. Sasa nilikuwa na kitu.

Sasa nifike kwa Elia, kijana wa Kinampanda, wilaya ya Iramba. Aliwahi kupima alizeti kwenye ushirika, na waliomjua wanasema alikuwa na utani mpaka watu walijipanga kwenye mzani wake hata kama foleni nyingine ilikuwa fupi. Ushirika ulipofungwa alikaa nyumbani, na hapo ndipo sauti zilipoanza. Watu walisema ni soko huria lililomchanganya. Soko huria lina mengi ya kujibu, lakini hilo si lake. Aliletwa kwetu amefungwa kamba za mpira wa baiskeli, akiwatukana watu tusiowaona. Tulimtibu, sauti zikanyamaza, tukaandika ametulia, akaenda kwao.

Baadaye mama yake alikuja peke yake. Alikuwa mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alikaa kwenye benchi langu akasubiri wote waishe.

"Sista," alisema, "mlinirudishia mtoto au mlinirudishia nguo zake?"

Akanieleza. Elia hapigi mtu, hasemi na hewa. Anakaa tu juu ya kinu kilicholazwa uani. Jua likimfuata hahami mpaka mama amhamishe. Akitumwa maji anakwenda na kurudi, maana mama alijua kumngoja, asipotumwa hainuki. Hilo mama angeweza kuishi nalo. Tatizo lilikuwa salamu. Elia alikuwa hawaamkii wakubwa.

Nyinyi wa mjini mnaweza kuliona jambo dogo. Kule Iramba kijana akikutana na mzee asiseme shikamoo, ametangaza kitu. Watu walikuwa wakimpita Elia, wakimngoja kidogo, kisha wakiondoka wamekasirika. Halafu ikaja siku ya wageni. Baba yake mdogo, Mzee Yeremia, aliyeshika ukoo baada ya kaka yake kufariki, alikuwa anapokea washenga waliokuja kumposa binti yake. Washenga waliingia ua ule ule wa kina Elia, ambako ukoo ulipokelea wageni, watu wazima, wenye makoti. Elia alikuwa kwenye kinu. Hakusimama. Hakuamkia. Aliwatazama miguu. Wageni walirudi walikotoka bila kula kuku aliyekuwa ameshachinjwa, na mtu anayejua kuku wa kwetu ataelewa walikuwa wameudhika kiasi gani.

Ukoo uliitisha kikao. Yeremia alitaka Elia apelekwe Itigi, kwa jamaa aliyetundika mizinga porini. Huko hakuna wa kumwamkia wala wa kukosewa heshima. Hakuna pia sindano, wala wa kumhamisha juani.

"Akienda huko hatarudi," mama yake aliniambia. "Njoo useme nao. Mimi nikisema wanaona ni mama tu."

Nilipata lifti ya lori lililokwenda kuchukua alizeti, nikafika vumbi hadi kwenye kope. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya miguu mitatu, mbele ya nyumba. Elia alikuwa kwenye kinu chake. Niliwaamkia mmoja mmoja, kwa kupiga goti, maana nilijua siku hiyo salamu yangu itapimwa.

"Sista," Mzee Yeremia alianza, "hatumchukii. Ni damu yetu. Lakini kiburi kimeingia."

Nikawaeleza habari za picha. Niligusa paji la uso wangu. Nikasema hapa ndipo panapomwinua mtu, na kwa wagonjwa kama huyu damu inafika kidogo. Sikuweza kusema yote aliyoyasema daktari, lakini niliwaambia kwamba hata wataalamu hawajui chanzo. Mzee mmoja akauliza kama akila maini itasaidia. Nikamwambia maini ni mazuri kwa kila mtu. Mwingine akataka kujua kwa nini damu ifike miguuni, ambako ni mbali, ishindwe kufika usoni. Nikasema inafika, ila ni kidogo, na kila jambo linachelewa. Nikaona hawajaamini. Basi nikaenda kwenye kinu, nikachutama.

"Elia, wazee wanasema unawadharau. Ni kweli?"

Nikanyamaza. Yeremia akafungua kinywa, nikainua mkono kumzuia, jambo ambalo mwanamke hapaswi kumfanyia mzee kwake. Wakakohoa. Mmoja akasogeza kiti. Mama yake alikuwa mlangoni, ameshika upindo wa khanga kwa meno. Ilifika mahali hata mimi nilitaka kusema chochote tu, ilimradi pasiwe na ule ukimya. Kisha Elia akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa:

"Shikamooni."

Hakuwa ananijibu mimi. Alikuwa anawaamkia wazee, salamu waliyoidai tangu walipoingia uani asubuhi ile. Mzee wa maini alivua kofia. Yeremia alisema, "Marahaba, mwanangu." Mimi nililia, siku hiyo sikujizuia.

Elia hakwenda Itigi. Lakini Yeremia alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akishaona amekosea hulipa zaidi ya alichotakiwa. Alisimama akatoa uamuzi.

"Tumemtesa mgonjwa," alisema. "Kuanzia leo Elia asidaiwe salamu. Mtu asimsimamie kichwani kumngoja. Asitumwe na mtu wa nje, asiulizwe kitu. Anayepita apite, amwache apumzike."

"Wazee, msimwache hivyo," nilisema. "Msalimieni, halafu mngojeni kama mlivyongoja leo. Ndiyo dawa pekee tuliyo nayo."

"Umetuambia mwenyewe damu haifiki," Yeremia alinijibu kwa upole. "Sasa mtu ambaye damu haifiki unamdai nini?"

Wote wakaitikia. Walimhurumia kwa dhati, na huruma ikishapitishwa na kikao hakuna nesi wa kuitengua. Lori lilikuwa linapiga honi.

Nilirudi Kinampanda kila huduma ya mkoba, ile kliniki yetu ya gari ya vijijini, iliponipitisha huko. Uamuzi ulishikwa kuliko sheria yoyote ya serikali niliyowahi kuiona. Watu walipita mbele ya ua ule wakishusha sauti, kama wanaopita penye msiba. Watoto walifundishwa kupitia upande wa pili. Niliwasimamisha njiani nikawaomba wamsalimie. Waliniitikia "ndiyo Sista" na kuendelea na safari zao. Mara moja nilimfuata Yeremia shambani, akaegemea jembe akanisikiliza mpaka mwisho.

"Tulipomgombeza ulisema tunamwonea," alisema. "Tumemwacha, unasema tunamwonea. Sista, tumfanyeje mtoto huyu?"

Mama yake alijua la kufanya kwa sababu aliendelea kulifanya. Alimsemesha tangu asubuhi, Kiswahili akichanganya na Kinyiramba, akimtuma hiki na kile na kungoja. Lakini alikuwa mmoja, na alikuwa anazeeka.

"Zamani walikuwa wanamgombeza," aliniambia siku moja akinipimia karanga za kupeleka nyumbani. "Wakimwita mvivu, wakimwita jeuri. Nilikuwa nalia. Sasa hata wa kumgombeza hana."

Nilimwona Elia akipungua. Yale maneno machache aliyokuwa nayo yalizidi kwenda mbali, na kungoja kukawa kurefu zaidi. Nilifikiria maneno ya Daktari Salimu, kwamba huenda damu ni kidogo kwa sababu sehemu ile haifanyi kazi. Hapakuwa na mashine ya kuniambia, lakini nilikuwa namtazama mtu ambaye kijiji kizima kilikuwa kimeacha kumpa kazi ya kujibu.

Baadaye gari la mkoba liliharibika, likakaa juu ya mawe kwa muda mrefu. Wagonjwa wa Issuna na wa vijiji vingine niliLetewa habari zao na wapitanjia. Mama Elia alikuwa akimpeleka mwanawe Kiomboi kuchomwa sindano, na niliambiwa hakukosa. Kwa hiyo ujumbe uliponifikia kwamba kuna msiba Kinampanda, nilidhani ni Elia. Alikuwa ni mama yake.

Nilifika matanga yakiwa hayajaanuliwa. Wanawake walinieleza jikoni, kwa kupokezana. Kiharusi. Alianguka ndani, upande mmoja ukafa, na mwishowe mdomo ukafungwa. Hakuonekana kisimani, watu wakadhani amekwenda kwa dada yake. Mlango ulikuwa wazi na Elia alikuwa uani kama kawaida, basi nani angewaza? Walipita wote. Walikuja kumkuta kwa bahati tu, jirani alipoingia kuazima chekecheo. Alikuwa bado anapumua. Alifia njiani kwenda hospitali.

"Na yule," mmoja alisema, akielekeza kidevu nje, "alikuwa ameketi pale pale. Mama yake anakufa ndani. Hata chozi hajalitoa. Ugonjwa gani huo unaomwondolea mtu mama?"

Yule jirani wa chekecheo alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Alisema alipoingia alimkuta mama amefunikwa blanketi la Elia, na pembeni ya kichwa kulikuwa na kikombe cha maji, na ndoo, na sufuria, na kila chombo cha nyumba ile, vyote vimejazwa maji.

Nilitoka nje. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka, Yeremia katikati yao, amezeeka ghafla. Elia alikuwa juu ya kinu. Hakuna aliyekaa karibu naye. Nikachutama mbele yake, nikampa pole, nikanyamaza, kisha nikamuuliza kama alijua mama anaumwa. Nilingoja. Mazungumzo ya mikekani yalipungua, yakaisha.

"Alisema nilete maji," Elia alisema. "Nikaleta. Akawa hasemi tena. Nikaleta."

Yeremia alikuwa ameinuka. Nilimsikia akija kusimama nyuma yangu.

"Watu walipita hapa," nilimwambia Elia. "Mbona hukuwaambia?"

Safari hii tulingoja kuliko nilivyowahi kungoja kwa mtu yeyote katika kazi yangu. Yeremia alipumua nyuma ya shingo yangu na hakusogea. Chai ililetwa, ikarudishwa.

"Hakuna aliyeniuliza," Elia alisema.